Mjerumani kujivunia nchi yake, kosa liko wapi?

Wadau, kuna mwenzetu kasema Mjerumani hana haki ya kujivunia bendera yake kwa sababu ya Hitler. Mimi nakataa, na najua kuna atakayeniuliza "Maji Maji umeisahau?" Sijaisahau, ndo maana naandika.

Ile nyeusi, nyekundu na dhahabu siyo bendera ya Wanazi. 1832 watu walipanda nayo hadi ngome ya Hambach wakidai uhuru na nchi moja, 1848 ikarudi kwenye mapinduzi, 1933 Hitler alipoingia madarakani akaiondoa. Leo ukimkataza kijana wa pale asiipeperushe unamwachia nani? AfD, kile chama chao cha mrengo mkali wa kulia, wanaibeba kwenye mikutano yao kama ya kwao peke yao, wakati 2006 kwenye Kombe la Dunia ilikuwa imejaa kwenye magari na madirisha nchi nzima na watu walikuwa wanafurahia mpira tu.

Ila fahari lazima ije na deni lake. Huwezi kusema Beethoven yule mtunzi wa muziki ni wetu halafu Hitler awe wa watu wengine. Na huwezi kumfanyia visa mtu kama Özil, mchezaji mpira mwenye asili ya Uturuki lakini mzaliwa wa Gelsenkirchen, Ujerumani kabisa, mpaka 2018 anaacha timu ya taifa akisema wakishinda yeye Mjerumani, wakifungwa mhamiaji.

Kuna jiwe dogo la kumbukumbu Berlin, sentimita 10 kwa 10, juu limefunikwa shaba, limechimbiwa njiani watu wanapopita, kulisoma mpaka uiname. Lina jina la Mahjub bin Adam Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam 1904. Alipigana upande wa Wajerumani vita ya kwanza akiwa bado mtoto, 1929 akafika Berlin, akadai mshahara wa uaskari wake na wa baba yake wakamnyima, akabaki hukohuko akawa anafundisha Kiswahili chuoni. 1941 Wanazi wakamkamata kisa uhusiano na mwanamke mzungu, Novemba 1944 akafia kambi yao ya mateso ya Sachsenhausen. Sasa Mjerumani anayeinama akalisoma hilo jina, halafu jioni akavaa jezi ya taifa akaimba wimbo wa nchi yake, mimi sina ugomvi naye hata kidogo, na Rais wao Steinmeier alipokuja Songea 2023 akaomba msamaha kwa wajukuu wa waliouawa na Wajerumani kwenye Maji Maji hakuacha kuwa Mjerumani.

Anayepinga aje na hoja, ila aanzie kwenye hilo jiwe.