MJADALA: Mashine iandike mwenendo wa kesi, au hakimu abaki na kalamu yake?

Mwanzisha mada (Ngamiani, Tanga)
Wana Tanga, salaam. Kila inapotajwa akili unde mahakamani mtu anaruka: "Roboti litatuhukumu!" Hakuna roboti kwenye kiti cha hakimu. Kilichopo ni mfumo ambao Mahakama ya Tanzania imeshaanza kuutumia, kazi ya kampuni ya Almawave ya Italia. Unasikiliza yanayosemwa, unayaweka kwenye maandishi, unatafsiri Kiswahili na Kiingereza.

Mimi naunga mkono. Aliyewahi kutoa ushahidi anajua: unasema sentensi moja, unaambiwa "subiri", hakimu anaandika kwa mkono, anainua kichwa, "haya, endelea". Kesi ya asubuhi inafika saa nane haijaisha, inaahirishwa, mashahidi wanarudi Pangani hawajasikilizwa na nauli imekwenda. Ukishindwa unataka kukata rufaa, na kutoka Mahakama ya Mwanzo kwenda ya Wilaya una siku 30 tu, huku unafukuzia nakala.

Sharti langu moja: sauti ihifadhiwe, na mwenye shauri apewe pamoja na nakala ya mwenendo. Pingeni.

Bi Mkubwa wa Pangani
Napinga, mwanangu. Kesi zetu huku ni minazi. Mtu anauza minazi, ardhi hajauza. Mwingine kapewa miti avune mpaka afe, ardhi ya ukoo. Sasa anasimama mzee hana meno, anasema "marehemu alinipa". Mashine ikiandika "alimpa", shamba limeshahama. Karani wa hapa, mtoto wa hapa, atamuuliza: "Mzee, alikupa wewe au alimpa nani?" Mashine itauliza? Na wazee wetu wengine wakianza Kiswahili wanamalizia Kizigua au Kidigo. Hiyo ya Italia imefundishwa kwa sauti za nani?

Mwanzisha mada
Shikamoo Bi Mkubwa. Karani naye husikia vibaya, na akisikia vibaya leo hakuna kinachobaki cha kumsuta. Sauti ndiyo itakayosema kama ni "alinipa".

Bi Mkubwa wa Pangani
Marahaba. Itasema kwa nani? Mzee yuko kijijini Mkwaja.

Wakili (Chumbageni)
Dawa ipo siku nyingi ila hainywewi. Kwenye kesi za jinai, hakimu anatakiwa kumjulisha shahidi kwamba ana haki ya kusomewa ushahidi wake. Akiomba asomewe, maoni yake yanaandikwa. Kifungu hicho sisi tumezoea kukiita 210(3). Mara ngapi mmeona shahidi anasomewa kweli? Kisingizio ni muda: mwandiko wa mkono, foleni ndefu. Sasa kama maneno yako kwenye skrini pale pale, kisingizio kimekufa. Asomewe kabla hajashuka kizimbani, na kesi za madai iwe hivyo hivyo. "Alimpa" ya Bi Mkubwa itakamatwa palepale, siyo miaka miwili baadaye kwenye rufaa.

Ila sauti kugawiwa kwa kila mwenye shauri, hapana. Kuna kesi za ubakaji, kuna watoto wanaotoa ushahidi. Unataka sauti ya mtoto izunguke kwenye magrupu ya WhatsApp ya mtaa? Isikilizwe masijala, mbele ya ofisa, ibaki huko.

Na mkitaka kumwogopa mtu, tuogopeni sisi mawakili. Mwaka 2023 mahakama ya New York iliwatoza faini ya dola 5,000 mawakili walionukuu kesi ambazo ChatGPT, programu ya akili unde, ilizitunga. Mtasema huko ni mbali. Januari 2025, KwaZulu-Natal, Afrika Kusini: hati ya wakili ilitaja kesi tisa, mahakama ikazipata mbili. Sisi tuna tovuti ya TanzLII, hukumu ziko wazi na bure. Wakili anayeshindwa kuifungua kesi aisome kabla ya kuinukuu, mimi simwonei huruma.

Kijana wa stationeri
Wakili umenigusa. Kusajili shauri siku hizi ni mtandaoni, kwa hiyo watu wanaanzia kwangu. Anakuja mama wa mirathi, simu yake ya tochi. Anaeleza, mimi naiambia akili unde ipange maelezo, nachapa, napandisha kwenye mfumo, namtolea namba ya malipo. Shilingi elfu kadhaa. Kwenu ataanza na laki. Nimkatalie?

Wakili (Chumbageni)
Dogo, kuchapa na kupandisha sikukatazi. Kutunga hati ya kisheria kwa malipo bila kuwa wakili, Sheria ya Mawakili inakukataza, mashine iwepo isiwepo. Halafu majina ya watoto wa marehemu, viwanja, akaunti, umeyamwaga kwenye programu ambayo hujui inayapeleka wapi. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tangu 2022. Mama huyo mpeleke kwa msaidizi wa kisheria, yule hamtozi kitu.

Mwanafunzi (Lushoto)
Wakubwa, mmeipita tafsiri kama haipo. Tangu marekebisho ya 2021 lugha ya mahakama ni Kiswahili. Mashine ikinakili vizuri halafu ikatafsiri vibaya, jaji wa rufaa atasoma ipi? Kwangu mimi kumbukumbu rasmi iwe maneno ya shahidi kwa Kiswahili, Kiingereza kiwe cha kumsaidia anayekihitaji tu. Zikitofautiana, Kiswahili kishinde. Hili liandikwe kwenye kanuni, lisiachwe kwa busara ya hakimu mmoja mmoja.

Mwanzisha mada
Naafiki la Lushoto. La masijala bado silikubali: mtu wa Mkwaja apande gari aje mjini kusikiliza sauti yake mwenyewe? Kesi za watoto ziwekewe utaratibu wake, zisitumike kuwafungia wengine wote.

Bi Mkubwa wa Pangani
Mzee asomewe pale pale, na akikataa neno, kukataa kwake kuandikwe. Hapo nitakaa nanyi. Lakini asomewe na mtu anayemtazama usoni, siyo spika.

Kijana wa stationeri
Wakili, huyo msaidizi wa kisheria namjua. Ndiye anayemleta mama kwangu achapiwe.