"Nunua pamba"? Mwenye hita ya dizeli pale kwenye kona, uzi huu ni wako

Kamba Mbili (mleta uzi):

Wakuu, salamu zitakuja baadaye, kwanza nitoe hili donge.

Yule bwana wa boti ndefu aliyefunga pale kwenye kona, mnamjua. Sina haja ya kumtaja. Ukiishi kwenye boti katika mifereji ya London ukasema humjui, basi wewe bado uko Heathrow unasubiri begi. Usiku wa manane, baridi kali, kamba za boti yake zimefungwa kwenye boti ya jirani ubavu kwa ubavu, kawasha hita ya dizeli. Ekzosi inatokea ubavuni, imelenga dirisha la chumba cha kulala cha mwenzake. Ikaanguruma mpaka vikombe vikapeana mikono kabatini. Bata wote wamehama, nadhani sasa hivi wanakaribia Birmingham. Akagongewa kwa adabu. Akaombwa: ndugu, samahani, hebu punguza kidogo. Akafungua kijimlango nusu, akasema, "Nunua pamba."

NUNUA PAMBA!

Hakusema samahani. Hakusema nitaangalia kesho. Pamba! Mtu kaja kujifunga kwenye boti yako, anapita juu ya sitaha yako kwenda nchi kavu, halafu anakupangia bajeti ya masikio.

Kinachoniuma ni kwamba kelele ya zile hita ina dawa, na dawa yake haizidi bei ya chakula cha jioni. Chukueni ile pampu ndogo ya mafuta tu. Hizi hita za kilowati 5 nyingi zina pampu inayotoa mililita 22 kwa kila milio 1,000. Kwa moto mdogo inagonga kama mara moja na nusu kwa sekunde, maana yake milio 5,400 kwa saa. Kwa usiku wa saa 8 ni milio 43,200. Mafuta yote hayo hata lita moja hayafiki! Mara elfu arobaini na tatu unagongwa kichwani ili mtu achome chupa moja ya dizeli, halafu wewe ndiye ukanunue pamba.

Na inagonga kwa sababu kaifunga kwa skrubu moja kwa moja kwenye ukuta wa chuma. Boti ya chuma ni ngoma, ukiifunga pampu kwenye ngozi ya ngoma unategemea nini? Pampu inaninginizwa kwenye klipu ya mpira laini, isiguse ubao wala chuma, mdomo wa kutolea ukiangalia juu kwa nyuzi 15 hadi 35 ili viputo vya hewa vipite visikwame. Kila upande unaweka kipande cha mpira wa mafuta cha sentimita 4 au 5, kisha unaendelea na paipu ngumu ya nailoni. Ncha za nailoni zigusane humo ndani ya mpira. Usiweke mpira mrefu kote, maana unatanuka kwa kila pigo, viputo vinakusanyika, moto unakatika, hita inawaka upya na moshi mweupe. Na paipu yenyewe ishikwe kwa klipu za mpira, kwa sababu nayo inabeba mlio hadi mwisho wa boti.

Kazi ya nusu saa. Yeye hana nusu saa. Ana muda wa kutoa ushauri wa pamba.

Ekzosi yake sasa, Mungu anisamehe. Imetoka ndani ikapita ukutani basi, bila sailensa yoyote. Ule mlio wa ndege inayotaka kuruka ndio huo. Upande wa kuvuta hewa ya moto nao hana sailensa, na pale ndipo panapotoka ule mluzi mwembamba unaoingia kwenye meno. Vitu viwili vidogo. Sailensa mbili!

Halafu eti pamba.

---

Siti ya Mbele:

Nimefika mapema, nimekaa. Mkuu punguza povu, litaziba mfereji na wengine tunataka kupita.

---

Fundi Chemba:

Mleta uzi hasira zako ziko sahihi, ila sailensa umeipitia haraka na hapo ndipo watu wanapoumia. Ile sailensa inayokuja kwenye boksi la hita ya bei nafuu imetengenezwa kwa ajili ya gari, inakaa nje chini ya bodi. Ina kitundu cha kutoa maji, na mishono yake haijazibwa. Ukiiweka ndani ya boti inavujisha moshi ndani ya boti. Kwenye boti unanunua ile ya baharini iliyochomelewa pande zote, isiyovuja, paipu ya milimita 24, unaifunga kwa klempu imara kila kiungo na kuivisha kitambaa cha kuzuia joto hadi ukutani. Paipu inyanyuke kwanza ipinde kama shingo ya bata kabla ya kushuka kwenye tundu la ubavuni, wimbi lisije likaingia kwenye chumba cha kuchomea. Isiwe ndefu mno wala na kona nyingi, hita ikishindwa kupumua inatengeneza masizi.

Na kwa yule bwana dalili zote zinaonyesha kwamba masizi yamejaa. Hita ya kilowati 5 kwenye kibanda kidogo inafika joto lililopangwa ndani ya muda mfupi, inashuka moto wa chini kabisa na kukaa hapo usiku kucha. Moto mdogo hauunguzi mafuta yote. Masizi yanaganda kwenye chumba cha kuchomea, ule wavu mdogo wa plagi ya kuwashia unaziba, na mngurumo unaongezeka kila wiki. Dawa: jioni mapema, wakati watu bado wako macho, iwashe moto wa juu kabisa dakika 20 hadi 30, ndipo uishushe. Ikishindikana, fungua, kwangua chumba, badilisha wavu na gasketi zake. Atakayenunua sasa, boti fupi inatosha kilowati 2. Watu wananunua 5 kwa sababu bei ni ileile.

Ile kuwaka na kuzima, kuwaka na kuzima usiku? Hiyo ni waya. Plagi ya kuwashia inavuta kama ampea 10 kwa dakika chache za mwanzo. Waya wa milimita 2.5 za mraba, mita 5 kwenda na 5 kurudi, unapoteza karibu volti 0.7. Betri ikiwa imelala kwenye 12 kasoro, hita inaona volti chache, inakataa, inajaribu tena. Kila jaribio ni feni kwa nguvu zote na wingu jeupe. Weka waya wa milimita 6, upotevu unashuka hadi volti 0.3 hivi.

---

Mama Nanga:

Wanangu, mnaongelea masikio, mimi naongelea pumzi. Ekzosi ikilenga dirisha la jirani, kinachoingia ni kaboni monoksidi, haina harufu wala rangi. Ndiyo maana tangu Aprili 2019 ukaguzi wa usalama wa boti Uingereza unadai king'ora chake kwenye kila boti yenye sehemu ya kulala, hata kama wewe mwenyewe huna jiko wala hita. Sumu inaweza kutoka boti ya pili. Kiwe kile chenye alama ya EN 50291-2, kimetengenezwa kwa ajili ya boti na misukosuko yake. Ukijifunga ubavuni mwa mtu, geuza boti ekzosi iangalie maji. Kama haiwezekani, usijifunge hapo. Na kwa heshima zote, mtu akikugongea usiku kwa jambo hilo anaokoa roho, hata zako.

---

Kamba Mbili:

Asante mama yangu. Sasa sikia jibu aliloambiwa mtu anayeokoa roho: nunua pamba. Pamba inazuia kaboni monoksidi?

---

Dizeli Nyekundu:

Mimi nitamtetea, nipigeni mawe. Januari, maji yana barafu juu, mnataka azime hita afe? Hita haikatazwi usiku. Kanuni ya shirika linalosimamia mifereji, Canal & River Trust ya saa mbili usiku hadi saa mbili asubuhi inahusu injini na jenereta, soma vizuri. Na mleta uzi, mtu akifunga ubavuni kwako uliangalia ekzosi yake iko wapi kabla hujapokea kamba? Kamba ulizipokea mwenyewe kwa mikono miwili, jina lako linasema.

---

Kamba Mbili:

Sijasema azime! Nimesema SAILENSA. Na klipu ya MPIRA. Na asiniambie PAMBA.

---

Jirani wa Lea:

Nyie mnalia na hita? Njooni huku mto Lea muone jenereta. Umetajwa muda wa saa mbili usiku, huku kuna mtu ndiyo kwanza anavuta kamba. Kaweka jenereta ya fremu ya wazi juu ya paa la chuma, bila hata kipande cha mkeka wa mpira chini yake. Halafu inanguruma masaa na masaa ikichaji betri za asidi ambazo asilimia 20 ya mwisho zinapokea umeme wa matone tu. Injini nzima inakesha kwa ampea tano! Chaji kubwa ifanyike asubuhi betri zikiwa tupu, hapo ndipo zinapopokea kwa wingi, mwisho waachie sola. Na kama lazima jenereta, basi nunua ya boksi inayopunguza mzunguko mzigo ukipungua. Ile ya fremu ya wazi inazunguka 3,000 kwa dakika hata ukichaji simu.

---

Siti ya Mbele:

Jenereta imeingia. Hita ipumzike, ina masizi.

---

Kapteni Polepole:

Jenereta unaweza kuizima. Mimi nataka kujua nani atawazima hawa wanaopita mbio. Ukomo ni maili 4 kwa saa, na ukiwa unapita boti zilizofungwa unashusha injini mpaka inazunguka tu, boti mbili kabla, na usiongeze mpaka uipite ya mwisho. Kuna mmoja mwenye kofia, kila mtu anamjua, anapita kama anawahi feri ya Kigamboni. Maji yanavutwa, boti zote zinakwenda mbele, zinarudi nyuma, vigingi vya kufungia kamba ukingoni vinang'oka. Mwenye kigingi ndiye analaumiwa!

---

Fundi Chemba:

Kapteni, nusu ya vigingi hivyo vimefungwa vibaya. Kamba ikitoka boti moja kwa moja kwenda ukingoni haizuii kwenda mbele na nyuma. Kamba ya mbele itoke kuelekea mbele kwa nyuzi 45, ya nyuma kuelekea nyuma kwa nyuzi 45, halafu ongeza ya katikati inayovuta kurudi upande wa pili. Usifunge ile ya katikati juu ya paa kwa kubana, boti ikivutwa inalala ubavu. Udongo ukiwa laini, piga vigingi viwili kwa mshazari, kimoja kipite kwenye pete ya kingine. Na penye reli ya chuma ukingoni, achana kabisa na vigingi, tumia kulabu.

---

Kamba Mbili:

Wakuu, mada ni hita.

---

Jirani wa Lea:

Kulabu gani Fundi, zile bapa au za mnyororo? Zile bapa zinaruka nje kamba ikilegea.

---

Fundi Chemba:

Mnyororo. Unaupitisha nyuma ya reli, pete moja ndani ya nyingine, hauruki hata kamba ikilegea. Bapa weka pale unapokaa kwa chakula cha mchana tu.

---

Mama Nanga:

Na kamba zisivuke njia ya waenda kwa miguu, jamani. Vigingi vivikwe kitu cheupe, watu wa baiskeli wanapita gizani.

---

Kapteni Polepole:

Mama usiniguse hapo kwenye baiskeli! Chini ya madaraja, njia ina upana wa mtu mmoja na mkokoteni wake, hawapigi kengele, hawashuki…

---

Dizeli Nyekundu:

Bora baiskeli kuliko anayefunga boti kwenye bomba la maji akafua nguo mzigo wa pili, foleni ya boti nne nyuma yake inasubiri kujaza tangi. Bomba lenyewe linatoa maji kwa kusuasua, tangi la lita 600 linachukua saa nzima, halafu mashine ya kufulia inavuta upande wa pili. Jaza, funga bomba, sogea, ukafue mbele ya safari.

---

Jirani wa Lea:

Yule wa kule Tottenham Hale? Mwenye mashine inayocheza mpaka boti inayumba?

---

Dizeli Nyekundu:

Huyo huyo. Mnamjua.

---

Kamba Mbili:

Ameiwasha tena.

---

Kapteni Polepole:

Mashine ya kufulia?