Waliokataa kuiamini benki walimwaminije Pirate?

Msomaji_Mpweke (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Nimekuwa nikisoma historia ya Bitcoin ya miaka ya mwanzo, hasa kati ya 2010 na 2012, na kuna jambo moja ambalo ningependa wenye ujuzi wanisaidie kulielewa. Andiko la Satoshi Nakamoto, mbunifu wa fedha hii ya kidijitali isiyopitia benki, la Oktoba 2008 linaanza kwa kulalamikia ulazima wa kumwamini mtu wa tatu kila tunapolipana kwa njia ya intaneti, na wengi wa waliovutiwa mapema na wazo hilo walikuwa waandika programu na watu waliokwisha kuchoshwa na benki. Hata hivyo, ilipofika 2011 na 2012, watu hao hao walimkabidhi mtu aliyejiita pirateat40 sarafu zisizopungua 700,000, kwa ahadi ya faida ya hadi asilimia 7 kwa wiki. Nyuma ya jina hilo alikuwapo Trendon Shavers wa mji wa McKinney, Texas. Mradi wake uliitwa kwanza First Pirate Savings & Trust, ndipo baadaye ukaitwa Bitcoin Savings and Trust; yaani uharamia (pirate ni haramia) ulitajwa kwenye kibao cha mlangoni, na bado watu waliingia.

Hapa Tanzania, walionaswa na DECI, mradi wa upatu ulioita michango yake mbegu, kabla Serikali haijausimamisha mwaka 2009 tuliambiwa kuwa walikuwa watu wasioelewa mambo ya fedha, waliopanda mbegu kwa sababu wachungaji waliwaambia watavuna. Maelezo hayo hayawafai hawa wa Bitcoin, ambao waliweza kukagua kila muamala kwa hesabu bila kumuuliza mtu yeyote. Swali langu ni hili: walikuwa na mfumo gani wa kupimana uaminifu, na ulikosea wapi?

Mama_Hesabu

Ndugu mleta mada, mfumo ulikuwapo, na kwa kazi uliyotengenezewa ulifanya vizuri kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 2010 kilianzishwa chumba cha mazungumzo ya maandishi mtandaoni (IRC) kilichoitwa bitcoin-otc, ambako watu waliuziana sarafu moja kwa moja bila soko katikati. Shida kubwa ya biashara hiyo ilikuwa kwamba malipo ya PayPal, huduma ya kutumiana fedha mtandaoni, yaliweza kubatilishwa na mnunuzi hata baada ya siku nyingi, ilhali sarafu ikishatoka kwa muuzaji hairudi. Kwa hiyo ilikuwa lazima kujua unafanya biashara na nani, japo kwa jina la bandia.

Mtu alisajili ufunguo wake wa GPG, programu ya kufunga ujumbe ili mwenye ufunguo wa siri peke yake aweze kuufungua, na kila alipotaka kujitambulisha, programu iliyohudumu chumbani humo, kwa jina gribble, ilimpa ujumbe uliofungwa kwa ufunguo wake wa wazi. Akiweza kuufungua na kuurudisha, wote walijua kuwa ndiye, wala si mtu mwingine aliyejipachika jina lake. Baada ya biashara kila mmoja alimpa mwenzake alama, kuanzia -10 hadi 10, na maneno machache ya maelezo. Wazoefu waliwaonya wageni wasitazame jumla ya alama peke yake, bali watazame ni nani aliyezitoa, na kama yeye mwenyewe anaaminiwa na watu unaowaamini wewe.

Sasa tazama alama hizo zilipima nini. Zilipima kama mtu alitimiza ahadi ya saa chache: nimetuma dola, nawe umetuma sarafu. Hazikupima, wala hazikuweza kupima, kama mtu huyo atamudu deni litakaloiva miezi sita ijayo. Mwendesha upatu hulipa kwa wakati kuliko hata mfanyabiashara halali, maana kulipa ndilo tangazo lake. Kila wiki Pirate alipolipa alizaa mashahidi wapya, na mashahidi hao hawakuwa waongo hata kidogo. Walikuwa wamelipwa kweli. Kisha wakazuka madalali waliokusanya amana ndogo ndogo na kumpelekea yeye, wakibakiza sehemu ya faida. Mwekezaji mdogo akawa anamwamini dalali anayemfahamu, dalali anamwamini Pirate, na hakuna hata mmoja katika mnyororo huo aliyejua fedha zinafanya kazi gani huko mwisho. Pirate alidokeza tu kwamba anawauzia watu wanaotaka kiasi kikubwa upesi na kwa siri.

Hesabu peke yake ingetosha. Asilimia 7 kwa wiki, ikiachwa ijizalishe, hugeuza sarafu 100 kuwa takriban 3,370 baada ya wiki 52. Pia kabla ya Novemba 2012 kila bloku, yaani fungu la miamala linaloongezwa kwenye daftari la Bitcoin, ilizaa sarafu mpya 50, na bloku 144 kwa siku ni sarafu 7,200, yaani 50,400 kwa wiki kwa dunia nzima. Tuseme Pirate alikuwa ameshika sarafu 500,000 za watu: riba ya wiki moja ni 35,000. Ili alipe bila kugusa amana, ingempasa kupata kama faida safi zaidi ya theluthi mbili ya sarafu zote mpya zilizochimbwa ulimwenguni wiki hiyo, na wiki inayofuata zaidi ya hapo. Hesabu hii haihitaji shahada. Inahitaji kalamu tu.

Wala isidhaniwe kuwa hakuna aliyeyasema haya wakati ule. Yalisemwa mapema, tena waziwazi. Mtu mmoja mashuhuri katika jumuiya hiyo aliwaalika wenye mashaka waweke dau dhidi yake, yeye akisimamia kwamba Pirate atalipa; aliposhindwa, dau lenyewe hakulilipa. Mradi ulifungwa Agosti 2012.

FundiSeva

Hesabu za Mama Hesabu sina la kuzipinga, ila nadhani mada nzima inampa Pirate nafasi kubwa mno. Tukimweka yeye katikati tutadhani kuwa tatizo lilikuwa tamaa, kumbe watu wengi waliopoteza sarafu zao miaka ile hawakuwa wakitafuta faida yoyote. Walikuwa wakitafuta mahali salama pa kuziweka.

Mwanzoni programu ya Bitcoin ilihifadhi funguo zote katika faili moja, wallet.dat, ambalo halikuwa na nenosiri lolote. Yeyote aliyelinakili alikuwa ndiye mwenye mali. Juni 2011 mwanachama aliyetumia jina allinvain alieleza kwamba sarafu 25,000, zilizokuwa na thamani ya karibu dola 500,000 siku hizo, zilihamishwa kutoka kwenye kompyuta yake ya Windows akiwa hana habari. Uwezo wa kulifunga faili hilo kwa nenosiri ulikuja na toleo la 0.4.0, Septemba mwaka huo huo. Katikati hapo mtu wa kawaida angefanya nini? Alikimbilia kwa waliojitangaza kuwa wanajua kutunza.

Na huko alikokimbilia kulikuwa na mambo. MyBitcoin, iliyowatunzia watu pochi zao, ilitoweka mwishoni mwa Julai 2011, kisha mwenyewe akajitokeza kusema ameibiwa, na waliokuwa na amana wakarudishiwa asilimia 49. Mwezi huo huo soko la Bitomat la Poland lilipoteza sarafu 17,000, si kwa wizi, bali kwa sababu seva waliyokodi iliwashwa upya na kila kilichokuwamo kikafutika, nao hawakuwa na nakala rudufu. Bitcoinica, jukwaa la kufanyia biashara ya sarafu hizo, iliibiwa mara tatu mwaka 2012. Machi, mtu aliingia kupitia mfumo wa huduma kwa wateja wa kampuni iliyokodisha seva, Linode, akabadilisha manenosiri na kuondoka na sarafu 43,554. Mei zikaenda nyingine 18,547. Julai zikaenda 40,000 zilizokuwa zimewekwa Mt. Gox, soko la kubadilishia Bitcoin, na hili la Julai ndilo linalonikera kuliko yote: nenosiri kuu la mahali walipotunzia manenosiri yao mengine lilikuwa ni maandishi yale yale yaliyokuwamo ndani ya msimbo wa programu yao, na msimbo huo ulikuwa umekwisha kuvuja. Katika yote haya hakuna aliyevunja hesabu za Bitcoin. Milango iliyovunjwa ni ya seva na barua pepe, milango ambayo fundi yeyote anaijua.

Mt. Gox yenyewe inafundisha zaidi. Juni 2011 ilidukuliwa, bei ndani ya soko hilo ikaporomoka hadi senti moja ya dola, na orodha ya wateja wake ikasambazwa. Ili kutuliza watu, Mark Karpelès, aliyekuwa amelinunua soko hilo miezi michache kabla, alihamisha sarafu 424,242 kwa mkupuo mmoja, muamala ambao kila mtu aliweza kuuona kwenye daftari la pamoja la miamala yote ya Bitcoin. Watu walishusha pumzi. Mwezi uliofuata, Bitomat ilipoanguka, Mt. Gox ikaichukua pamoja na madeni yake, na sifa yake ikapanda zaidi. Sasa muulize mhasibu yeyote: kumwonyesha mtu fedha ulizonazo kunathibitisha nini, ikiwa hujamwonyesha unadaiwa kiasi gani? Upande wa madeni haukuonekana na mtu yeyote wa nje hadi Februari 2014, soko lilipofunga milango na kutangaza upungufu wa sarafu 850,000, ambapo 200,000 zilipatikana baadaye.

Kwa hiyo kwa maoni yangu mfumo wa alama haukukosea. Ulihusu watu wawili wanaobadilishana kitu sasa hivi. Aliyekupokelea amana akakaa nayo hakuwa na kipimo chochote, awe Pirate au Karpelès, na kwa mteja wa nje mwizi na mzembe walionekana sawa kabisa hadi siku ya kufunga.

Msomaji_Mpweke

Nawashukuru nyote wawili. FundiSeva, umenifungua macho kuhusu upande wa madeni, ingawa siafiki kwamba tamaa haikuwa na nafasi. Anayeahidiwa asilimia 7 kwa wiki hatafuti mahali pa kutunzia mali. Naomba niongeze maswali mawili. Kwanza, teknolojia yenyewe haikuwa na dawa ya jambo hili? Pili, waliompa Pirate sarafu zao waliishia kupata nini, ikizingatiwa kwamba walikuwa wamemkabidhi mtu wa jina la bandia?

FundiSeva

La kwanza nalijibu kwa kifupi. Dawa ilikuwapo kwa sehemu. Aprili 2012 ilianza kutumika kanuni mpya iliyorahisisha kufunga sarafu kwa funguo zaidi ya moja, kwa mfano mnunuzi, muuzaji na msuluhishi, ambapo wawili kati ya watatu wakikubaliana ndipo sarafu inatoka. Hiyo inamzuia msuluhishi kukimbia na mali. Haimzuii mtu kumtumia Pirate sarafu zake kwa hiari yake mwenyewe.

Wakili_Msikivu

La pili niachieni mimi, maana nimeifuatilia kesi hiyo kwa sababu za kikazi.

Tume ya Marekani inayosimamia masoko ya dhamana, SEC, ilimfungulia Shavers shauri la madai huko Texas Julai 2013. Utetezi wake wa kwanza ulikuwa kwamba Bitcoin si fedha, na kwa kuwa kila kitu kilifanyika kwa Bitcoin, basi hakuna fedha iliyowekezwa na sheria ya dhamana haimhusu. Jaji Amos Mazzant aliikataa hoja hiyo mwezi uliofuata, akieleza kwamba Bitcoin inaweza kununulia vitu na kubadilishwa kwa dola, hivyo ni aina ya fedha. Inastaajabisha kidogo: watu waliotaka fedha isiyotegemea dola yoyote walipata mojawapo ya maamuzi ya kwanza ya mahakama kuitambua fedha yao kwa sababu ya mtu aliyewatapeli.

Septemba 2014 mahakama ilimwamuru yeye na mradi wake walipe zaidi ya dola milioni 40. Novemba mwaka huo alikamatwa kwa kosa la jinai, akakiri Septemba 2015, na Julai 2016 akahukumiwa New York kifungo cha mwaka mmoja na nusu. Waendesha mashtaka walieleza kwamba kilele cha mradi wake kilipofika alikuwa ameshika karibu asilimia 7 ya sarafu zote zilizokuwa katika mzunguko, na kwamba alitumia sarafu za wawekezaji wapya kuwalipa wa zamani, nyingine akazifanyia biashara yake na matumizi binafsi. Jina la bandia halikumkinga, kwa kuwa daftari la miamala lilikuwa wazi, na sarafu zikigeuzwa dola hupita kwenye akaunti zenye majina halisi.

Kuhusu waliopata na waliokosa, hati za mashtaka zinataja wawekezaji takriban 100, ambao angalau 48 kati yao walipoteza sehemu ya mali zao au yote. Waliobaki wengi ni wale waliotoa sarafu zao kabla ya Agosti 2012, na walichopokea, riba na mtaji, kilitoka kwa kiasi kikubwa kwenye mifuko ya hao 48.