Taiwan: demokrasia ni yao kweli? Na kwa nini hawatangazi uhuru?

Mdadisi_Kijana aliuliza:
Wakuu, shikamooni. Juzi tumebishana mpaka usiku. Mwenzetu mmoja kashikilia kwamba demokrasia ya Taiwan ni kitu walichopewa na Marekani, nami nikakosa la kumjibu. Halafu kuna hili linalonisumbua: wana rais, jeshi, pasipoti na sarafu yao wenyewe. Kinachowazuia kutangaza uhuru yakaisha ni nini? Aliyewahi kuishi kule anisaidie.

Zuhura_T alijibu:
Marahaba mdogo wangu. Nimesoma Tainan, mji wa kusini mwa Taiwan, miaka minne, nikarudi katikati ya 2024. Nakueleza niliyoyaona na niliyosimuliwa.

Mama aliyenipangisha chumba ana miaka sabini na kitu. Alizaliwa, akasoma, akaolewa na kuzaa, yote chini ya sheria ya kijeshi, maana iliwekwa Mei 1949 na kuondolewa Julai 1987. Zamani hizo mtoto akisikika shuleni anazungumza Kitaiwan, lugha ya nyumbani kwao, alitozwa faini au alivishwa kibao shingoni. Yeye alivishwa. Aliponisimulia alijipapasa shingo, kana kwamba kamba bado ipo.

Na waliomvisha si Beijing. Ni serikali ya chama cha KMT, iliyotawala China na kukimbilia kisiwani baada ya kushindwa vita na wakomunisti, na Marekani ilikuwa rafiki mkubwa wa serikali hiyohiyo. Kwa hiyo huyo mwenzenu anawadhulumu watu waliokwenda jela. Desemba 1979 wapinzani waliandamana katika mji wa Kaohsiung, Siku ya Haki za Binadamu, na viongozi wao wakapelekwa mahakama ya kijeshi. Annette Lu alihukumiwa miaka 12. Chen Shui-bian alikuwa mmoja wa mawakili wa washtakiwa. Mwaka 2000 Chen akachaguliwa rais, na makamu wake akawa huyo Annette Lu. Nani aliwapa hicho?

Sasa kura zenyewe. Tarehe 13 Januari 2024, siku ya uchaguzi wa rais na wabunge, mama yule alinichukua tukatazame kuhesabu. Kura hupigwa saa mbili asubuhi hadi saa kumi jioni, kisha huhesabiwa palepale, na yeyote anaruhusiwa kusimama akaangalia. Lilikuwa darasa la shule ya msingi. Msimamizi anatoa karatasi moja ya rangi ya waridi, anaiinua juu kwa mikono miwili, anatamka namba ya mgombea kwa sauti. Mwenzake anaitikia namba ileile huku akichora mstari kwenye karatasi kubwa iliyobandikwa ukutani. Mistari mitano inakamilisha herufi moja ya Kichina, basi hizo ni kura tano. Karatasi moja moja, mpaka sanduku liishe, kisha linageuzwa watu waone halina kitu. Mama alisimama muda wote, akisogeza midomo kila namba ilipotamkwa. Mimi nililia, nakwambia kweli.

Usiku uleule matokeo yakajulikana. Lai Ching-te wa DPP, chama cha Chen na Lu, alipata urais kwa asilimia 40, walioshindwa wakakubali. Lakini bungeni chama chake kikapoteza wingi: viti 51, KMT 52, kati ya 113.

Kuhusu kutangaza uhuru: China, inayoihesabu Taiwan kuwa sehemu yake, ilipitisha Sheria ya Kupinga Kujitenga mwaka 2005, na mle imejipa ruhusa ya kutumia njia zisizo za amani. Kwa hiyo tangazo ni kualika vita, na wengi wa watu wa kule, ukiwauliza, wanataka hali ibaki ilivyo. DPP wenyewe wanasema hakuna haja ya kutangaza, kwa sababu nchi tayari inajitegemea kwa jina la Jamhuri ya China, ambalo ndilo jina rasmi la Taiwan, si la China ya Beijing. Watu hawa si waoga, ila maisha yao yamefungamana na China. Mtoto mkubwa wa mama yule amefanya kazi Kunshan, huko China bara, miaka mingi. Mshahara wake ndio uliopaua ile nyumba niliyopanga.

Kassim_Pwani alijibu:
Dada Zuhura, umeeleza vizuri, ila umeruka upande wa pili. Azimio 2758 la Umoja wa Mataifa, tarehe 25 Oktoba 1971, lilirudisha kiti cha China kwa Beijing, na Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizolipeleka. Nchi zetu zinatambua China moja, yaani ya Beijing. Hilo si jambo dogo.

Zuhura_T alijibu:
Si dogo, kaka Kassim, na barani Afrika ni Eswatini pekee yenye ubalozi Taipei, mji mkuu wa Taiwan. Lakini lisome azimio lenyewe. Linaamua nani aiwakilishe China na kuwaondoa wajumbe wa Chiang Kai-shek, kiongozi wa ile serikali ya KMT. Neno Taiwan halimo. Beijing inasema suala lilikwisha siku ile, Taipei inasema halikuwahi hata kuguswa. Mimi ninachokishikilia ni kwamba watu wa kisiwani, ambao leo ni milioni 23, hawakuulizwa, na mwaka 1971 hawakuwa hata na ruhusa ya kumchagua rais. Walimchagua wenyewe mara ya kwanza Machi 1996, huku China ikirusha makombora ya majaribio baharini karibu na bandari zao. Wakaenda kupiga kura hivyohivyo.

Mdadisi_Kijana aliandika:
Asante sana dada. Vijana wenyewe wanasemaje? Wako tayari kupigana?

Zuhura_T alijibu:
Hawasemi kwa sauti moja, na wapo wanaoogopa kabisa. Tangu Januari 2024 wanaume waliozaliwa kuanzia 2005 wanatumikia jeshi mwaka mzima, waliozaliwa 1994 hadi 2004 ni miezi minne. Mjukuu wa mama amezaliwa Januari 2005. Rafiki yake wa mlango wa pili, aliyekua naye, kazaliwa Desemba 2004. Mama huwa ananihesabia hizo wiki kwa vidole.