Asiyelipa nauli Berlin: mdaiwa au mhalifu?

Hoja ninayoileta ni hii, na ninaomba ipingwe na kila anayeona nimekosea: kupanda treni au basi la Berlin bila tiketi kubaki kuwa deni linalodaiwa, na kuondolewa kabisa katika makosa ya jinai.

Msomaji aliyezoea konda anayedai nauli mkononi huenda akaushangaa utaratibu wa mji ule. Vituo vya treni za chini ya ardhi, yaani U-Bahn, havina vizuizi vya kuingilia. Abiria hununua tiketi kwenye mashine, huigonga mhuri katika kisanduku kidogo kilichopo kituoni, kisha hupanda. Hakuna anayemuuliza kitu, hadi siku ambayo wakaguzi, mara nyingi wakiwa wamevaa nguo za kiraia, watasimama katikati ya behewa mlango ukishafungwa na kuomba tiketi za wote. Asiye nayo hutozwa euro 60. Aliyesahau nyumbani tiketi ya mwezi yenye jina lake hulipa euro 7 tu akiionyesha baadaye, na hilo naliona la haki, kwa kuwa nauli yake ilikwisha kulipwa.

Mpaka hapo sina ugomvi na yeyote. Ugomvi wangu unaanza pale anayekamatwa mara kwa mara anaposhtakiwa. Kifungu cha 265a cha Kanuni ya Adhabu ya Ujerumani, kilichoingizwa mwaka 1935 chini ya utawala wa Wanazi, kinamhesabu anayesafiri kwa nia ya kutolipa kuwa mhalifu anayestahili faini au kifungo kisichozidi mwaka mmoja. Kwa kawaida hakimu hutoa faini, tena mara nyingi kwa amri inayotumwa kwa barua, bila mshtakiwa kuitwa ajieleze. Faini hiyo huhesabiwa kwa siku, na thamani ya kila siku hufuata kipato cha mtu. Asiyeilipa hufungwa badala yake. Hadi mwanzoni mwa mwaka 2024, kila siku ya faini iliyokosa kulipwa ilikuwa siku moja gerezani; tangu Februari mwaka huo, siku mbili za faini hufutwa kwa siku moja ya kifungo.

Nafuu hiyo ni ya kweli, lakini tutazame ni nani anayefika katika gereza la Plötzensee kwa njia hii. Mwenye mshahara aliyejaribu bahati yake hulipa zile euro 60, akaona aibu kidogo, akaendelea na safari. Anayefungwa ni yule asiye na makazi ambaye barua ya mahakama haikumfikia, au mgonjwa wa akili, au mtu aliyelemewa na pombe na madeni, ambaye bahasha zimelundikana mlangoni pake bila kufunguliwa. Anafungwa kwa kosa ambalo hakimu mwenyewe aliliona linastahili faini tu, na kila siku anayokaa humo inaigharimu hazina ya umma zaidi ya euro 100, ilhali tiketi ya safari moja mjini mwaka 2025 iliuzwa kwa euro 3.80.

Wapinzani wana hoja nzito moja, nami siidharau: mfanya usafi anayeamka alfajiri na kulipa nauli yake kila siku ana haki ya kuuliza kwa nini mwingine apande bure. Jibu langu ni kwamba hapandi bure. Zile euro 60 zinabaki, na kampuni ya usafiri ina njia ya madai ya kawaida kama mdai mwingine yeyote. Halmashauri za miji ya Köln na Düsseldorf, nayo ya Ujerumani, zilikwisha kuamua mwaka 2023 kwamba kampuni zao za usafiri ziache kupeleka malalamiko ya jinai. Mwaka huo huo Waziri wa Sheria Marco Buschmann alipendekeza kosa hili lishushwe liwe la kiutawala, lakini muungano wa serikali ulivunjika Novemba 2024 kabla sheria haijabadilishwa.

Mimi hata pendekezo hilo naliona pungufu, kwa sababu faini ya kiutawala nayo inaweza kuishia katika kizuizi cha kumshurutisha mtu alipe. Ninalotaka zaidi ni nauli ambayo maskini anaimudu. Berlin ilipoipandisha tiketi ya wanaopokea msaada wa serikali kutoka euro 9 hadi 19 kwa mwezi, Aprili 2025, iliwasogeza karibu na mkaguzi watu wale wale ambao baadaye itawalipia chakula na kitanda gerezani.

Anayetaka kifungu cha 265a kibaki namwomba ajibu jambo moja: mtu akitoka Plötzensee bila senti mfukoni, na ofisi ya msaada iko upande wa pili wa mji, atafikaje huko?