Mashine ya vyombo: maji ya vuguvugu, eko au moto kabisa? Wa Malindi na Amu nisaidieni

mama_kasuarina
Hamjambo jamani. Naangalia nyumba ya wageni huku Kasuarina, mwenye nyumba kaleta mashine ya kuosha vyombo kutoka Italia, vibonye vyote Kiitaliano. Kuna ya haraka imeandikwa Rapido 30, kuna ya glasi digrii 45, kuna eko digrii 50 na Intensivo 70. Mwenyewe yuko Milano, anataka kila siku tutumie ya chini kabisa ati stima ghali, na mpishi wetu naye ashaapa kwamba mafuta ya pilau ya mbuzi hayatoki kwa maji ya vuguvugu na yeye hataki sahani ya kuteleza mkononi. Nimekaa katikati. Nyinyi mnatumia ipi na vyombo vinatakata?

FundiBarani
Dada kwanza hiyo 30 ni dakika sio digrii, angalia kitabu chake, mashine nyingi ile ya haraka inapasha mpaka 40 au 45 hivi. Kwa hivyo mwenye nyumba akisema "ya 30" huenda hajui anachosema.

Sasa stima. Kwenye hizi mashine pampu inakula kidogo tu, mlaji ni kupasha maji. Eko ya mashine ya kawaida inakula karibu yuniti moja au chini kidogo, ile ya 70 inafika yuniti moja na nusu hivi, sasa piga hesabu kwa tokeni zako, tofauti ni kama shilingi 15 kwa mzunguko. Halafu kuna jambo watu wa Ulaya hawalioni, kule maji yanaingia mashineni na digrii 10 au 15 wakati wa baridi, huku kwetu ya bomba yako 28, na kama una tangi jeusi juu ya dari ukawasha saa nane mchana yanaingia karibu yameshapata moto. Kutoka 28 mpaka 50 sio sawa na kutoka 12 mpaka 50. Kwa hivyo huku kila programu inakula stima kidogo kuliko inavyoandikwa kwenye lebo.

Mimi kura yangu ni eko. Inachukua masaa matatu mpaka manne, watu wanadhani mashine imeharibika, kumbe ndio siri yake, inapunguza moto inaongeza muda, sabuni inapata wakati wa kula uchafu.

BintiAmu
Masaa manne na stima ya huku yakhe? Inakatika katikati, ikirudi vyombo vishakauka na sabuni juu. Sisi hapa Shela tuna sola na betri, ile ya 70 hatugusi usiku maana ikianza kupasha maji inavuta kama kilowati mbili na inveta inaanza kupiga kelele nyumba nzima. Tunawasha eko saa tano asubuhi jua likiwa juu, kufika alasiri imemaliza. Vikombe vya chai na glasi za juisi tunatia ya haraka, hivyo havina mafuta.

Na kuhusu chakula mpishi wako ana haki lakini nusu. Inategemea mafuta gani. Samaki wa kupaka ni tui, na mafuta ya nazi yanayeyuka hata kwa digrii 25, kwa hali ya hewa yetu hayagandi kabisa, hata programu ya chini inayatoa. Samli inataka kama 35. Mbuzi ndio shida, mafuta yake yanaanza kuyeyuka 45 na kuendelea. Ukiosha sinia la biriani ya mbuzi kwa ile ya haraka utaona sahani safi, lakini fungua filta ya chini, utakuta utando mweupe umeganda pale kama nta ya mshumaa, na harufu yake baada ya siku mbili usiniulize.

kaka_wa_gede
Hilo la filta ni kweli tupu. Nilifanya kazi jikoni hotelini, filta inasafishwa kila jioni, nyumbani mtu anaiacha mwezi mzima halafu analaumu mashine. 

Niongeze na jibini na mayai, wageni wa Kiitaliano wanapenda hivyo. Usiwashe moto mkali ukidhani ndio dawa. Protini ikipigwa moto ghafla inashika kwenye sahani. Ndani ya sabuni ya mashine kuna vimeng'enya vya kula protini na wanga na vinafanya kazi vizuri kwenye 50 hivi, ukivipeleka 70 vinakufa. Kwa hivyo sahani ya yai na ya tambi eko inashinda Intensivo, nimeona kwa macho. Moto wa 70 ni wa sufuria yenye ukoko na trei ya oveni basi.

Alafu kitu kingine, sufuria zenu za alumini msitie kabisa, programu yoyote ile. Sabuni ya mashine ni kali, inazifanya nyeusi tititi na ule weusi unapaka mikono. Mwiko wa mti na kijamanda pia nje.

mzee_wa_mida
Nyinyi vijana mna pesa. Beseni mbili, maji ya moto ya birika moja, sabuni ya maji na ndimu, vyombo vya watu kumi vimeisha kabla hiyo eko yenu haijamaliza kujaza maji.

FundiBarani
Shikamoo mzee wangu. Kwa watu wanne nakubali. Lakini nyumba ya wageni kumi na mbili, mtu anaosha bomba liko wazi muda wote, hapo maji yanaenda kwa ndoo na ndoo, mashine ikijazwa kabisa eko inatumia lita 10 au 12 tu kwa mzunguko mzima. Na mwaka ambao mifereji inakauka Malindi tunanunua maji ya bowza, unajua bei yake.

mzee_wa_mida
Marahaba. Hapo kwa maji ya bowza nakupa.

nesi_maweni
Naingilia kwa upande wa afya. Programu za chini zinasafisha, haziui sana vijidudu. Kama kuna chupa za mtoto mchanga au mgonjwa nyumbani peleka 65 au 70, na chupa ziwe za aina inayovumilia moto. Vyombo vya kawaida vya watu wazima wazima eko inatosha, sabuni na maji mengi vinaondoa kazi kubwa.

Lakini mashine yenyewe pia inachafuka. Kuna utafiti wa Slovenia uliotoka 2011, walipangusa mipira ya milango ya mashine 189 kutoka nchi 18 wakakuta kuvu kwenye asilimia 62, zingine ni zile nyeusi zinazovumilia moto na chumvi. Huku pwani na unyevu wetu sishangai. Anayetumia ya chini kila siku awashe Intensivo tupu bila vyombo angalau mara moja kwa mwezi, apanguse mpira wa mlango kwa kitambaa, na mashine ikimaliza mlango uachwe wazi. Eko haikaushi vizuri vya plastiki kwa sababu suuza ya mwisho haina moto wa kutosha, ukifunga mlango vinakaa na maji mpaka kesho.

mama_kasuarina
Asanteni sana. Basi eko kila siku mchana, haraka kwa vikombe, 70 kwa masinia ya mbuzi. Nitamwambia mwenye nyumba hesabu ya shilingi 15 atulie. Swali la mwisho, glasi zinatoka na ukungu mweupe hata kwa ile ya glasi, nikipitisha kidole naona kama chaki. Ni digrii au ni nini?

FundiBarani
Hiyo chokaa dada, maji ya kisima yamekaa kwenye mawe ya matumbawe. Ipake siki, ikitoka ni chokaa, isipotoka glasi imeshalika. Tia chumvi ya mashine kwenye tundu la chini na upandishe kiwango cha ugumu wa maji kwa kitabu.

kaka_wa_gede
Chumvi ya mawe ya Gongoni si itafaa? Gunia ni bei ya chai.

FundiBarani
Hapana, ile ni ya bahari haijasafishwa, ina magnesi na kalsi ndani, vitu vilevile unavyotaka kuondoa, na tope juu yake. Ya mezani yenye madini joto pia usitie. Tafuta ile chumvi ya mashine ya chembe kubwa kwenye supamaketi. Na kama kisima chako ni cha magadi cha karibu na bahari, chumvi hiyo inaondoa chokaa tu, ule uchumvi unabaki, suuza itaacha alama hata ufanyeje. Unganisha mashine kwa maji ya mfereji.

BintiAmu
Na akiunganisha apitishe kwa tangi, presha ya mfereji asubuhi haifungui hata vali ya mashine.