Mjadala: Kuridhika ni hekima, au ni kukata tamaa kwa jina zuri?

Mleta mada:

Ndugu zangu, kuna jambo katika lugha yetu linanisumbua siku nyingi. Tukimwona mtu anakimbilia makubwa tunamwonya: tamaa mbele, mauti nyuma. Akishindwa akakaa chini, mdomo uleule unamwambia asikate tamaa. Sasa tamaa ni ya kushikwa au ya kuachwa?

Msimamo wangu nauweka wazi mapema. Anayelenga juu simlaumu hata kidogo. Ninachopinga ni kuanza safari bila kujua kituo cha kushukia, maana mtu huyo hata akifika hatajua kama amefika.

Mwaka 1995 wanasaikolojia Medvec, Madey na Gilovich walichapisha utafiti uliotumia picha za video za washindi wa medali wa Olimpiki ya Barcelona ya 1992. Watazamaji walioombwa kukadiria furaha ya wanamichezo hao waliwaona wa medali ya shaba wana furaha kuliko wa fedha. Yaani aliyemshinda mwenzake ndiye aliyenuna! Wa fedha anaiwaza dhahabu iliyomponyoka, wa shaba anajua angeweza kuondoka mikono mitupu. Jasho walitoa wote, ila kila mmoja alimtazama mtu tofauti.

Mwaka 2006 watafiti Iyengar, Wells na Schwartz nao wakawafuatilia wanachuo waliokuwa wakitafuta kazi. Waliosaka kilicho bora kuliko vyote walipata mshahara wa kuanzia mkubwa kwa asilimia 20 hivi kuliko waliotosheka na kinachofaa. Lakini haohao ndio waliokuwa na kinyongo zaidi na kazi walizopata. Nani kafaulu hapo? Mimi nasema kundi la pili, na sioni haya kulisema.

Mchangiaji wa kwanza:

Mkuu, nakuheshimu ila hapa tunapishana. Kuridhika huhubiriwa kwa asiyenacho, na mhubiri huwa keshashiba. Anayelala kwenye nyumba inayovuja ukimwambia aridhike, umemwambia alale kwenye maji.

Na kama ni tafiti, tuzisome zote. Mwaka 2010 mwanasaikolojia Kahneman na mwanauchumi Deaton walisema furaha ya kila siku kule Marekani haipandi tena kipato kikivuka dola 75,000 kwa mwaka. Watu wakalishika hilo kama aya. Mwaka 2023 Kahneman huyohuyo, safari hii na Killingsworth na Mellers, akaeleza kwamba kwa watu wengi furaha inaendelea kupanda pamoja na kipato. Wanaokwama ni wale wenye huzuni zaidi, karibu mmoja kati ya watano. Kwa hiyo ile asilimia 20 ya mshahara usiibeze. Kuna mtoto anasoma kwa hiyo, kuna mzazi anatibiwa kwa hiyo.

Mchangiaji wa pili:

Mimi naongeza dogo tu. Wengi wanaosema wameridhika wamechoka. Walijaribu mara mbili wakaanguka, wakabadilisha jina la maumivu. Ukitaka kumjua aliyeridhika kweli, mtazame siku rafiki yake anapofanikiwa.

Mleta mada:

Hapo kwenye nyumba inayovuja umenishika, nakubali. Nilizungumza kama kwamba kila mtu anaanzia pakavu, na si kweli. Mwenye paa bovu apambane, hata akikesha, na asije mtu kumwita mroho.

Lakini hoja yangu bado imesimama. Msomi wa Marekani Herbert Simon, katika maandishi yake ya miaka ya 1950, alieleza uchaguzi wa namna hii: mtu anajiwekea kiwango, anatafuta, akipata kinachofikia kiwango anasimama. Na kiwango hicho hupanda mambo yakipatikana kwa urahisi, hushuka yakiwa magumu. Hapo ndipo ninapoumia. Niliwahi kupandishwa cheo nilichokisubiri miaka mitatu. Asubuhi nilipewa barua, na kabla ya jua kuzama nilikuwa nawahesabu wenzangu walionipita. Sikujipa hata usiku mmoja wa kufurahi. Kiwango kilikuwa kimepanda, na si mimi niliyekipandisha.

Kwa hiyo nikuulize wewe, mchangiaji wa kwanza, na unijibu kwa moyo: huyo ndugu yetu akishaezeka paa jipya, kiwango kinachofuata atakiweka yeye au atakiwekewa na ghorofa la jirani?